Nani Alilipa Nauli? Historia ya Atachimenti, Kutoka Reli ya Voi Hadi Bomeni

Ikifika Mei kila mwaka, stetasi za WhatsApp hapa Bomeni zinaanza kufanana. "Mwenye anajua ofisi inachukua watu wa atachimenti anishtue." Wiki mbili baadaye zinakuja picha za watu na beji shingoni. Agosti ikifika, ripoti inachapishwa saiba, inapigwa muhuri, inapelekwa chuo. Ukimuuliza mtu alijifunza nini hizo wiki 12, mara nyingi anacheka kwanza ndio akujibu.

Akishahitimu anaanza kutafuta kazi, anaambiwa hana uzoefu. Waajiri wanasema wahitimu wa siku hizi hawako tayari. Wazee kwa steji ya boda wanasema simu ndiyo imetuharibu. Chuo kinasema mwanafunzi hakutia bidii. Kila mtu ana maoni kuhusu mwanafunzi.

Mimi chuo niliacha mwaka wa tatu, karo ilipogoma, kwa hivyo sina digrii ya kutetea wala chuo cha kupigia debe. Nilichofanya ni kufuata hii historia, na kumbe inapita hapa kwetu kabisa. Nikiiangalia yote, kuna swali moja watu huliruka: mtu akiwa bado anajifunza kazi, nani analipa? Naona jibu la hilo swali ndilo linaeleza mbona wengine wanatoka atachimenti wakiwa wameiva, na wengine wanatoka wakijua tu chai ya bosi inawekwa sukari ngapi.

Tuanze Pwani, kabla ya chuo chochote. Seremala, mhunzi au mjenzi wa majahazi alichukua kijana, mara nyingi wa ukoo au wa jirani, akakaa naye miaka. Huyo ndiye mwanagenzi. Alianza kwa kufagia vumbi la mbao na kushika ncha ya pili ya msumeno. Mwishoni, akishaiva, fundi alipewa zawadi iliyoitwa kilemba. Usidhani ilikuwa raha. Kijana alifanya kazi nyingi ya bure na hakuwa na pa kulalamika. Lakini angalia mpango wenyewe ulivyokaa. Kilemba kilitolewa mwisho, ujuzi ukiwa umeshaonekana. Na fundi alikuwa na sababu yake ya kufundisha vizuri, kwa sababu jahazi likivuja, jina linaloharibika ni lake.

Sasa ingiza reli. Waingereza walianza kujenga Mombasa mwaka 1896, na kabla ya ile karne kuisha garimoshi lilikuwa limeshapita Voi. Ujuzi wa kuijenga haukutafutwa hapa. Kati ya 1896 na 1901 waliletwa Wahindi zaidi ya 31,000 kwa mikataba: vibarua wengi, na pamoja nao waashi, wahunzi, maseremala na makarani. Karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Ukifikiria vizuri, ilionekana rahisi zaidi kuvusha mtu bahari nzima kuliko kumfundisha kijana wa Sagalla ambaye reli inapita chini ya mlima wao. Serikali ilitaka ujuzi uliokwisha kupikwa. Kupika ilikuwa kazi ya mtu mwingine.

Hiyo tabia haijaisha. Tangazo la kazi la leo linalotaka mhitimu mpya mwenye uzoefu wa miaka mitatu ni mawazo yale yale ya 1896, isipokuwa sasa hakuna meli ya kutuletea huyo mtu.

Na kabla reli haijafika Voi, hapa Taveta kulikuwa na kitu kingine. Mwaka 1895 misheni ya CMS ilianza kutoa gazeti lililoitwa Taveta Chronicle, chini ya mmisionari Steggall. Ni kati ya magazeti ya kwanza kabisa ya nchi ambayo leo tunaiita Kenya. Kwa hivyo Taveta ilikuwa na gazeti kabla Nairobi haijakuwa mji. Leo mwanafunzi wa uanahabari kutoka Bomeni akiwaza atachimenti, anawaza Mombasa au Nairobi, na kabla ya mahojiano anawaza atalala kwa nani.

Serikali ya kikoloni ilikuja kufundisha kazi baadaye kidogo, ilipoona mafundi kutoka nje ni ghali. Mwaka 1924 ilianzisha kituo cha mafunzo ya ufundi pale Kabete, kile ambacho leo ni Kabete National Polytechnic. Vijana Waafrika walifungwa kwa mikataba ya uanagenzi ya miaka kadhaa, wakafundishwa uashi, useremala na uhunzi. Mwaka huo huo tume ya Phelps-Stokes, iliyotoka Marekani, ilizunguka Afrika Mashariki ikapendekeza Mwafrika apewe elimu ya vitendo zaidi.

Kwa karatasi inaonekana poa. Shida ni kwamba hiyo elimu ya mikono ilikuwa na dari. Mshahara ulipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, hata kama mnashika nyundo ya aina moja. Ungeweza kujua kazi yote ya karakana na bado usiwe msimamizi. Ndiyo maana wazazi wengi Waafrika hawakutaka watoto wao wafundishwe jembe na randa peke yake. Walitaka kalamu, kwa sababu waliona mwenye kalamu ndiye anaketi kwa kivuli. Kwa hivyo ukisikia mzee wako anakuambia "soma kwanza upate digrii", usimcheke. Hiyo hofu ina zaidi ya miaka 100 na ilikuwa na sababu.

Mwaka 1959, wakoloni wakiwa karibu kuondoka, ikaja sheria ya mafunzo ya viwandani, Industrial Training Act. Iliweka utaratibu wa mikataba ya uanagenzi: muda, wajibu wa mwajiri, wajibu wa kijana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Kenya ikaongeza kitu cha maana sana, ushuru wa mafunzo. Waajiri wachangie mfuko mmoja, na huo mfuko usaidie kulipia mafunzo ya wafanyakazi. Wazo lilikuwa safi. Kama viwanda ndivyo vinafaidika na mtu mwenye ujuzi, basi viwanda vichangie gharama ya kumtengeneza.

Huo ushuru bado uko. Leo unakusanywa kwa ajili ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani iliyotokana na marekebisho ya sheria ya 2011. Kiwango ni shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Kampuni ya watu 100 inatoa 5,000 kwa mwezi, 60,000 kwa mwaka. Weka hiyo namba akilini, tutairudia.

Wakati serikali inapanga ushuru, mtaani kulikuwa na kilio tayari. Mwaka 1966 baraza la makanisa, NCCK, lilitoa ripoti kuhusu vijana waliomaliza shule ya msingi na kubaki bila pa kwenda. Kutokana na hiyo ripoti zikazaliwa polytekniki za vijiji, mahali kijana anajifunza ufundi wa kutumika pale pale anapoishi. Mwaka 1972 shirika la kazi duniani, ILO, likaleta jopo lake Kenya, na ripoti yake ikasema jambo ambalo kila mtu mtaani alikuwa analijua: watu wengi wanaishi kwa kazi ndogo ndogo ambazo serikali haizihesabu. Leo tunaziita jua kali.

Miaka hiyo ya 1970 pia ndiyo kulikuwa na wimbi la vyuo vya ufundi vya harambee. Wananchi walichanga, wengine pesa, wengine mifugo, ili mkoa wao uwe na chuo. Coast Institute of Technology pale Voi ni matunda ya wimbi hilo. Ni jambo la kujivunia, lakini angalia nani alilipa. Mwajiri alishaanza kusogea pembeni kidogo, na mzazi akasogea mbele.

Mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4, na ahadi ilikuwa ile ile: vijana watajifunza kazi za mikono shuleni, wajiajiri. Wazazi wakaambiwa wajenge karakana za shule. Nyingi zilibaki kuta, na useremala ukafundishwa ubaoni. Unaona venye inarudia? 1924 tatizo ni elimu ya Mwafrika. 1966 tatizo ni vijana hawana pa kwenda. 1985 tatizo ni mtaala. Sasa tuko na CBC na bado tunaambiwa tatizo ni mtaala. Kila mara anayebadilishwa ni mwanafunzi. Mahali pa kazi, ambapo kazi yenyewe inafundishika, paliguswa kidogo sana.

Halafu likaja wimbi la vyuo kupandishwa cheo. WECO ya Kakamega, chuo cha harambee, ikawa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Kimathi Institute ya Nyeri ikawa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Mwaka 2013 Kenya Polytechnic na Mombasa Polytechnic zikawa vyuo vikuu vya teknolojia. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Taita Taveta kilianza 2011 kama chuo kishiriki cha JKUAT, kikapata hati yake 2016, na kikajijenga jina kwa uhandisi wa madini. Sipingi. Mtoto wa Mwatate kusomea uhandisi karibu na kwao ni jambo kubwa. Lakini vyuo vikiongezeka, wanaotafuta atachimenti wanaongezeka pia, na ofisi na viwanda vya kuwapokea haviongezeki kwa mwendo huo. Mgodi mkubwa uliokuwa karibu nasi, wa Base Titanium kule Kwale, ulimaliza uchimbaji Desemba 2024. Mwanafunzi wa madini wa hapa alipoteza mlango mmoja mkubwa siku hiyo.

Hapo ndipo atachimenti ya leo inapotoka. Ni uanagenzi uliobaki na jina la mafunzo huku ule mkataba ukiwa umetolewa. Angalia Sheria ya Ajira ya 2007. Inapoeleza mfanyakazi ni nani, inamtaja waziwazi mwanagenzi na mwanafunzi wa kazi aliye na mkataba. Wewe wa atachimenti, mwenye barua ya chuo na bima uliyojilipia, hutajwi kwenye hiyo sentensi. Unaamka saa kumi na moja kama mfanyakazi na unahesabiwa kama mgeni.

Tupige hesabu. Tuseme unatumia 300 kwa siku, nauli na chakula cha mchana pekee. Wiki 12 za siku tano ni siku 60. Hiyo ni 18,000, na bado hujalipa chumba. Basari za kaunti na za NG-CDF kwa kawaida zinaenda moja kwa moja kwa akaunti ya chuo kama karo, hazifiki kwa makanga. Sasa rudisha ile namba ya ushuru. Mwajiri anachangia 600 kwa mwaka kwa kila mfanyakazi. Mzazi wa Bomeni anayeuza ndizi soko la Taveta anachangia 18,000 kwa miezi mitatu. Historia nzima niliyokueleza inaishia kwa hiyo hesabu.

Na si suala la pesa tu, hata mafunzo yenyewe yanaguswa. Mwenye mjomba Nairobi na kitanda cha bure anachagua mahali pazuri. Asiye na mjomba anachukua mahali palipo karibu hata kama hapana kinachohusiana na kozi yake. Ofisi nayo, kwa vile haijalipa chochote, haipotezi chochote usipojifunza. Supavaiza ana kazi zake. Mhadhiri anakuja kukukagua mara moja au mbili, anasaini logibuku, anarudi. Hapo hakuna mtu ambaye jahazi lake litavuja.

Chukua mfano wa mpaka wetu. Kituo cha pamoja cha Taveta na Holili kilizinduliwa 2016. Kuna forodha, uhamiaji, ukaguzi wa mazao, mawakala wa kutoa mizigo. Kwa mwanafunzi wa biashara au usimamizi wa mizigo ni darasa la kutosha. Lakini kazi siku hizi iko ndani ya kompyuta. Kama hakuna mtu aliyepewa jukumu la kukaa na wewe, akuonyeshe tamko la mzigo linajazwaje na kosa dogo linachelewesha lori vipi, utabeba mafaili wiki 12 na utatoka ukijua tu milango.

Sasa linganisha na reli ya pili. SGR ilizinduliwa 31 Mei 2017, na Voi ni moja ya stesheni zake. Safari hii kulikuwa na mpango wa kufundisha. Kundi la wasichana Wakenya walipelekwa Baoji, China, kujifunza kuendesha treni, na siku ya uzinduzi treni ya rais iliendeshwa na wanawake Wakenya. Wengi wao hawakuwahi kuendesha treni maishani. Hawakuwa na akili za ajabu kutushinda. Kuna mtu aliyehitaji hiyo treni iende, akalipia mafunzo yao, na kiti kilikuwa kinawangoja. Mambo hayakuwa matamu yote: mwaka 2018 magazeti yaliripoti malalamiko ya wafanyakazi Wakenya kwamba wanabaguliwa na mabosi wao Wachina. Ile dari ya zamani, tena. Lakini kuhusu kufundishika, jibu lilipatikana. Kijana Mkenya anafundishika haraka sana pale mtu anapohitaji kwa dhati ajue.

Wajerumani walilishika hili zamani. Kwao kijana wa ufundi anagawa wiki kati ya kampuni na shule, ana mkataba, na kampuni inamlipa posho ya mafunzo. Sheria yao kuu ya mambo hayo ni ya 1969. Kwetu sheria ya uanagenzi ni ya 1959, tuliwatangulia miaka kumi. Kilichotushinda ni kuwapa wanafunzi wengi hiyo mikataba.

Mtu atasema intanshipu za serikali zinalipa. Ni kweli, zingine zinalipa, na hapo kuna mtego mwingine. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, Machi 14 hadi Mei 8, na moto mkubwa ulikuwa malipo ya madaktari wanagenzi: mkataba wa 2017 ulisema 206,000 na kidogo, serikali ikataka kutoa 70,000. Aprili mwaka huo huo mahakama ya ajira ikasema TSC ilikosea kuwachukua walimu wa sekondari msingi kama wanagenzi, kwa sababu ni walimu waliohitimu na kusajiliwa. Walikuwa wanafundisha masomo yote kwa 20,000 kabla ya makato. Januari 2025 walimu 46,000 wakapewa ajira ya kudumu. Kwa hivyo neno moja linafanya kazi mbili. Kwa asiyejua kazi, linaficha kwamba hafundishwi. Kwa anayejua kazi, linaficha kwamba halipwi inavyofaa.

Basi mimi nasema nini? Atachimenti inamwandaa mtu kwa kazi, naamini hivyo kabisa. Nawajua wasee ambao miezi mitatu ya karakana iliwafunza kuliko mihula sita. Lakini inafanya hivyo mambo matatu yakiwepo: kazi halisi mikononi mwako, mtu mmoja anayewajibika ujue, na pesa ya kukufikisha hapo kila asubuhi. Ukitoa moja, inabaki karatasi yenye muhuri.

Kwa hivyo mkiitwa kwa kikao cha bajeti ya kaunti, hata kama ni pale ukumbini mkipewa soda, ombeni kitu kimoja kidogo: sehemu ya basari itoke kama nauli na chakula cha mwanafunzi wa atachimenti, ilipwe kwake na si kwa chuo. Ombeni pia kila idara ya kaunti inayochukua wanafunzi itaje kwa maandishi nani anawafundisha na nini. Hiyo haihitaji mtaala mpya wala tume.

Na wewe unayeanza Mei, siku ya kwanza uliza maswali mawili kwa heshima. Nani atanifundisha? Nikitoka hapa nitakuwa nimeweza kufanya nini peke yangu? Ukijibiwa vizuri, kaa hapo hata kama ni mbali. Wakicheka, anza kutafuta mahali pengine wiki hiyo hiyo, kwa sababu hiyo 18,000 ni ya mama yako.